Pete ya jubilei: sonara aandike kwenye risiti anachouza

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu zawadi za jubilei ya ndoa nimeisoma yote, na kipande cha pete nimekirudia. Mwandishi wenu anamshauri mwanamume anayetaka kumbadilishia mkewe pete baada ya miaka 25 aulize kwanza karati, eti almasi yenye karati nyingi ndiyo bora. Kwa heshima zote, ushauri huo utawatia watu hasara. Sisi tumetoka kununua pete ya namna hiyo mwaka huu, na mshika mkoba nilikuwa mimi.

Mimi ni mhasibu wa SACCOS hapa Shinyanga mjini. Nimezaliwa Mwadui, ndani ya uzio wa mgodi wa almasi, kwa sababu marehemu baba alikuwa akifanya kazi kwenye mtambo wa kuoshea kokoto. Sisi watoto wa Mwadui almasi tuliijua kwa masimulizi na kwa upekuzi waliokuwa wakifanyiwa wazazi wetu getini, kuishika hatukuishika. Pete niliyovishwa kanisani ilikuwa na kijiwe cheupe cha kutengenezwa, cha uwezo wa mwalimu wa ajira mpya, na sijawahi kukionea haya. Ila kingo zake zimelika, vikucha viwili vinavyoshika jiwe vimelegea, na mzee mwenyewe, yaani mume wangu, ndiye aliyesema hataki nisimame nayo hivyo kwenye misa ya jubilei. Nikamwambia sawa, lakini kama ni almasi, tununue tukijua tunanunua nini.

Karati ni uzito, basi. Karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo karati tano ndizo gramu moja. Haikwambii jiwe lina upana gani ukilitazama kidoleni, na wala haikwambii litang'aa au litalala. Almasi ya duara iliyokatwa vizuri, ya karati moja, ina upana wa milimita 6.5 hivi, ya nusu karati inakaribia milimita 5.1. Ukiyaweka pembeni kwa pembeni utaona kwamba ile ya karati moja haina upana maradufu, ingawa bei yake ni zaidi ya maradufu, tena kwa mbali.

Kwenye duka tulilonunua, lililopo mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, mzee sonara alitutolea mawe mawili kwenye kitambaa cheusi. Moja lilikuwa la karati 0.70, jingine 0.60. La kwanza lilimzidi mwenzake bei kwa karibu shilingi laki tisa. Nikaomba yapimwe upana. Akachukua kipimo chake kidogo, akabana moja, akabana la pili: yote mawili yalikuwa milimita 5.4 na pointi kidogo. Huo uzito wa ziada uko wapi, nikauliza. Akacheka, akaligeuza lile la 0.70 kwa kibanio likalala ubavu, nikaona mwenyewe. Lilikuwa na tumbo. Kina chake kilikuwa asilimia 67 ya upana, wakati jiwe la duara lenye mkato mzuri huwa kati ya asilimia 59 na 62 na kitu. Uzito wote ule umejificha chini, ndani ya pete, mahali ambapo hakuna atakayeuona isipokuwa ngozi ya kidole changu.

Na hasara haiishii kwenye upana. Mwanga ukiingia juu ya almasi unatakiwa ugonge nyuso za chini, urudi, utokee juu kwenye jicho la mtazamaji. Mwaka 1919 Marcel Tolkowsky, aliyetoka katika familia ya wakataji almasi wa Antwerp, alipiga hesabu za pembe hizo na kuzichapisha, na mpaka leo mkato wa duara wenye nyuso 57 au 58 unatokana na hesabu za namna hiyo. Jiwe likizidi kina, mwanga unatorokea ubavuni. Kwenye lile la 0.70 niliona katikati pana giza la mviringo lisiloondoka hata nililigeuze vipi. Lile dogo lilikuwa jeupe mpaka katikati, likitupa vimulimuli kila nilipotikisa mkono.

Nieleze hapa nilivyoliona hilo giza, maana chini ya taa za duka nisingeliona. Masonara wamefunga taa ndogo kali darini, na chini ya taa zile hata kile kijiwe changu cha zamani kiling'aa kama nyota. Nikamwomba mzee anipe mawe yote mawili nisogee nayo mlangoni.

"Mama, usitoke nayo," akasema kijana wake.

"Sitoki mwanangu. Nasimama hapa hapa, na wewe simama na mimi."

Nikayatazama kwa mwanga wa mchana, kisha nikayakinga kwa kiganja yapate kivuli. Kivulini ndipo jiwe linapojieleza, kwa sababu maisha ya pete mengi ni ya kivulini: ofisini, jikoni, ndani ya daladala, kanisani. Anayekwenda kununua asione aibu kuomba hivyo. Muuzaji mwenye jiwe zuri hatakukatalia.

Kuna jambo jingine ambalo makala ingewasaidia watu kulijua. Bei ya karati haipandi pole pole. Inaruka kwenye namba ambazo watu wanazipenda, yaani nusu, 0.70, 0.90, na karati moja kamili. Mkataji anapoona jiwe ghafi lake linakaribia namba hiyo, anashawishika kuliachia tumbo ili lisishuke chini yake. Ndiyo maana 0.70 yenye tumbo ni rahisi kukutana nayo. Mwenye kutaka unafuu aulizie 0.66 au 0.68. Hakuna jicho la mama mkwe litakaloona pungufu hiyo.

Rangi na usafi nitapita haraka. Taasisi ya Jemolojia ya Marekani, GIA, iliyoanzishwa 1931, inapanga rangi ya almasi kuanzia D, ambayo haina rangi kabisa, hadi Z, yenye manjano ya kuonekana. Ukinunua pete ya dhahabu ya njano, kulipia D ni kutupa fedha, kwa sababu dhahabu yenyewe inalipaka jiwe umanjano wake. H au I inatosha. Sisi tumechukua G kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na mkato mzuri, wala hatukuifuata rangi. Usafi nao una madaraja yake, na alama za ndani hutazamwa kwa lenzi ya kukuza mara kumi. Swali la kuuliza ni kama alama inaonekana kwa macho bila lenzi, na iko wapi. Yetu ina kidoa cheusi kidogo pembeni, na fundi alikiweka chini ya kikucha. Nimejaribu kukitafuta tangu pete ije, sijakiona.

Wale wanaofanyia sherehe kwenye kumbi za kisasa wajue pia kwamba almasi nyingine huwaka buluu chini ya zile taa za zambarau ambazo watu wa muziki wanazipenda. Cheti cha jiwe, kinachotolewa na maabara kama ya GIA, kitasema kama lina tabia hiyo na kwa kiasi gani. Mara nyingi haliharibu kitu mchana, na wengine hupata nafuu ya bei kwa sababu yake. Binti yangu anaona ni raha pete ikiwaka wakati wa kukata keki. Mimi nimechukua isiyowaka. Kila mtu na mambo yake.

Sasa nije kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Duka la kwanza tulilokwenda, ambalo sitalitaja jina wala mji, muuzaji alituonyesha pete yenye jiwe kubwa, zuri kweli kweli, kwa bei iliyonishtua kwa udogo wake. Nikauliza kama ni almasi. Akatoa kalamu ya kupimia, akaligusa jiwe, kalamu ikalia na kuwasha taa. "Umesikia mama? Almasi halisi." Mzee wangu alikuwa ameshaanza kutoa simu afanye muamala. Nikauliza swali la pili: imechimbwa au imetengenezwa maabara? Yule kijana akasema kalamu haidanganyi.

Ni kweli haidanganyi, ila inajibu swali jingine. Kalamu ile inapima jinsi joto linavyopita kwenye jiwe. Almasi inapitisha joto kuliko vito vingine vyote, kwa hiyo kalamu inalia. Almasi ya maabara nayo ni kaboni ile ile, mpangilio ule ule, ugumu ule ule wa daraja la 10, la juu kabisa kwenye kipimo cha ugumu. Joto linapita vile vile, na kalamu inalia vile vile. Na zipo kalamu za zamani zinazolia hata kwa moisanaiti, ambayo si almasi kabisa. Kutenganisha jiwe la ardhini na la maabara kunahitaji mashine na mtaalamu. Kwa jicho hata sonara mzee hawezi, na mzee wa Indira Gandhi alinikubalia hilo bila kuona haya.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na almasi za maabara. Kampuni ya General Electric ya Marekani ilifanikiwa kuitengeneza almasi tangu miaka ya 1950, kwa kuibana kaboni kwa joto na mgandamizo mkubwa. Siku hizi wanaikuza pia tabaka kwa tabaka kutoka kwenye gesi. Si feki. Binti yetu alitusihi tuchukue ya maabara, akasema kwa bajeti ile ile tungepata jiwe la zaidi ya karati moja na bado chenji ya mbuzi wa sherehe ikabaki. Hoja yake ina nguvu, na kama ningekuwa na miaka yake huenda ningemsikiliza. Ila bei ya mawe hayo imekuwa ikiporomoka mwaka hadi mwaka kwa sababu viwanda vinazalisha vitakavyo, na mwaka 2025 GIA yenyewe ilitangaza kwamba haitaendelea kuyapa madaraja yale yale ya rangi na usafi inayoyapa mawe ya ardhini. Ni bidhaa mbili zenye bei mbili. Anayeitaka ya maabara aipate kwa bei ya maabara, na anayeitaka ya ardhini asiuziwe ya maabara kwa bei ya ardhini. Nchini Marekani miongozo ya tume yao ya biashara inamtaka muuzaji aseme waziwazi kama jiwe limetengenezwa.

Nikamwambia yule kijana: sawa, niandikie kwenye risiti kwamba jiwe hili ni almasi ya asili, uzito wake kadhaa, tutalipa sasa hivi. Akaenda nyuma kuulizana na bosi. Akarudi na jibu kwamba mashine ya EFD haina nafasi ya maelezo marefu. Akanionyesha risiti ya mteja aliyetutangulia ili nione. Iliandikwa "PETE 1" na kiasi cha fedha, kiasi ambacho mtu angenunulia bodaboda na mafuta ya mwezi. Nikamwomba basi aandike kwa mkono, apige mhuri. Akasema duka lao huwa halifanyi hivyo. Tukaaga, tukaondoka.

Mtu anaweza kusema huyu mama ana makuu. Ngoja nimwambie kinachotokea mezani kwangu. Mwanachama akija kuomba mkopo wa dharura, akaleta pete au mkufu uwe sehemu ya dhamana, kamati inaniuliza thamani. Dhahabu tunaipeleka kwa sonara inapimwa: gramu kadhaa, karati 18 au 21 (karati ya dhahabu ni usafi wake, si uzito kama ya almasi), bei ya siku, tumemaliza. Jiwe lisilo na karatasi tunaliandikia sifuri. Niliwahi kumwandikia sifuri mjane mmoja aliyekuwa na uhakika kwamba marehemu mumewe alitoa mamilioni kwa lile jiwe. Huenda alitoa kweli. Risiti alikuwa nayo, ameitunza kwenye nailoni tangu siku ya kununua, na ilikuwa na maneno mawili: pete ya kike.

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na nalielekeza kwa Tume ya Madini, Tume ya Ushindani, na vyama vya masonara wenyewe. Kila jiwe linalouzwa kama almasi liandikiwe, kwenye risiti au kwenye karatasi yenye mhuri iliyobanwa kwenye risiti, mambo machache kwa Kiswahili: ni la ardhini au la maabara, uzito wake, upana na kina kwa milimita, na kama lina cheti, namba ya cheti. Mizani ya sonara Wakala wa Vipimo huikagua, na hakuna anayeona ajabu. Sembe dukani ina maandishi ubavuni. Sioni kwa nini kitu cha milioni tatu au nne kiuzwe kwa mdomo.

Nitajibiwa kwamba wateja wenyewe hawaulizi. Wangeulizaje, wakati hata gazeti linawaambia waulize karati?

Tena gharama yake ni ndogo. Yule mzee alituandikia yote hayo kwenye karatasi yenye kichwa cha duka lake kwa muda mfupi kuliko mzee wangu alivyotumia kukubaliana na bei. Kisha akatupa lenzi tutazame kiunoni mwa jiwe, ule ukingo mwembamba unaolizunguka. Mara ya kwanza sikuona kitu. Akaniambia niliegemeze jiwe kidogo, nizuie pumzi, niangalie mwanga unapokatiza. Namba ikatokea, vitarakimu vidogo mno vilivyochorwa kwa leza. Tukalinganisha na ya kwenye cheti, ikawa ile ile. Binti yetu akaiingiza namba kwenye tovuti ya GIA kwa simu yake, yakaja maelezo yale yale: 0.60, G, upana ule ule tuliopima. Huo ndio ununuzi, na asiyekuwa na simu ya kisasa aende na mwenye nayo.

Kulikuwa na swali moja ambalo yule mzee hakuweza kulijibu, na sikumlaumu. Nilitaka jiwe la Mwadui. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, Dk. John Williamson, aliligundua eneo lile, na mwamba wake wa almasi una hekta 146 kwa juu, miongoni mwa mikubwa kabisa duniani iliyowahi kuchimbwa kibiashara. Mwaka 1947 pale pale likapatikana jiwe la waridi la karati 54.5, Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth kwa ajili ya harusi yake, likakatwa likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakalifanya moyo wa ua kwenye bruchi, pambo la kubana kwenye nguo, ambayo Elizabeth, sasa akiwa Malkia, aliivaa mpaka uzeeni. Jiwe lile lina asili inayojulikana hadi kijiji. Nikafikiri, mimi mtoto wa Mwadui, wa kilomita chache kutoka Maganzo, nitashindwa vipi kupata hata kajiwe kenye asili hiyo?

Nimeshindwa. Almasi ghafi ya Kishapu, wilaya ilimo Mwadui, husafiri kwa mafungu kwenda kuuzwa nje, Antwerp na kwingineko, inachanganyika na za nchi nyingine, na sehemu kubwa ya almasi za dunia nzima hukatwa Surat, India. Cheti cha Mchakato wa Kimberley, mpango wa kimataifa wa kuzuia almasi za vita ulioanza kutumika 2003, kinakwenda na fungu la mawe ghafi linapovuka mpaka. Hakimfuati kijiwe mmoja mmoja akishakatwa. GIA wanaweza kutoa ripoti ya nchi ya asili, lakini mpaka jiwe liwe limepitishwa kwao likiwa bado ghafi, kabla ya kukatwa. Kwa hiyo jiwe langu laweza kuwa la Mwadui, laweza kuwa la Botswana, laweza kuwa la Siberia. Mzee sonara alisema tu, "Mama, hili nimelipokea kutoka India," akaishia hapo. Nikamheshimu kwa kutoniongopea, maana wapo ambao wangesikia nimetaja Mwadui na papo hapo jiwe likapata uraia.

Na tulikuwa na kiwanda cha kukata almasi Iringa! Vijana wa leo Tancut wanaijua kwa bendi, Tancut Almasi Orchestra, na hata hapo ni kwa sababu redio bado zinapiga nyimbo zake za miaka ya 1980. Kiwanda chenyewe kimekufa, muziki umebaki. Wanaopanga mipango ya kuongeza thamani ya madini hapa nchini wangeanza na hili: jiwe litolewe Kishapu, likatwe hapa hapa, lipewe namba kiunoni na karatasi inayotaja wilaya. Mimi ningelipia zaidi kwa karatasi hiyo, na najua wenzangu kadhaa wa chama cha akina mama parokiani ambao wangefanya hivyo.

Kuhusu pete yenyewe, kwa watakaotaka kujua: tulichagua dhahabu ya karati 18. Ya karati 22 inapendeza kwa rangi, lakini ni laini, na vikucha vyake vinapinda upesi. Tuliomba vikucha sita badala ya vinne, na jiwe likae chini, kwa sababu mimi bado nakanda chapati na nafua khanga kwa mkono. Pete iliyopandishwa juu inanasa kila kitu. Almasi ni ngumu lakini si kwamba haivunjiki. Ikigongwa vibaya kwenye ukingo wa sinki inaweza kumegeka, na anayekuambia haiwezi anataka tu ununue. Dhahabu ya pete ya zamani iliyeyushwa ikaingia kwenye mpya, na ilituokolea fedha kidogo. Kijiwe cheupe nimebaki nacho.

Na msishangae ikififia baada ya wiki mbili tatu. Baba alikuwa akituambia kwamba mtamboni walikuwa na meza zilizopakwa grisi, maji na kokoto vikapita juu yake. Kokoto zikaenda na maji, almasi ikanasa. Almasi haipendi maji, inapenda mafuta. Ndivyo inavyofanya kidoleni pia: inakamata losheni, mafuta ya kupikia, samli, utando unatanda chini ya jiwe na mng'ao unakwisha. Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto, basi. Hakuna haja ya kumlipa mtu shilingi elfu ishirini "aisafishe kitaalamu".

Mhariri, sikuombi umwadhibu mwandishi wako, ameandika vizuri kuhusu keki na kuhusu mahubiri marefu. Ninachoomba ni mtume mwandishi kwenye maduka ya masonara ya Dar es Salaam, Mwanza na Arusha akiwa na swali moja tu: ukiniuzia almasi, utaniandikia kwenye risiti kama ni ya ardhini au ya maabara? Majibu yao yachapeni kama walivyoyatoa. Arusha apite pia Kituo cha Jemolojia Tanzania, awaulize mwananchi wa kawaida mwenye pete moja anaweza kuipimisha wapi na kwa shilingi ngapi, kwa sababu msimu wa ndoa za Desemba unakuja na watu wameshaanza kuchangishana.

Ni mimi msomaji wenu,
Mhasibu, mke na mama,
Shinyanga